Koti la Baba

Mpendwa Mama,

Hapa Beni joto limezidi, nami leo natamani ule ukungu wetu wa Butembo, wewe ukipuliza moto jikoni, sisi tumejibana nyuma yako kama vifaranga.

Unakumbuka mwaka ule wa vita, Baba alipokwenda Manguredjipa na baiskeli kutafuta mawese, asirudi? Baba mukubwa, kaka yake, ndiye aliyeleta habari. Alikuwa amemwona askari kwenye bariera, pale wanapozuia barabara, amepanda baiskeli ya Baba na kuvaa koti lake.

"Bamemuua," alisema.

Kabla ya jioni uwanja ulijaa watu wa kilio, maharagwe yanachemka, katekista anasalisha. Wewe hukulia. Ulikaa ukichambua sombe, majani ya mihogo ya chakula cha jioni.

"Mama Masika, lia basi," wanawake walikusihi.

"Koti hapana mutu," uliwajibu. "Mukimuona yeye, muniambie."

Hapo Baba mukubwa akazua jingine.

"Muke hapana kulia bwana yake? Donc, basi, anajua kitu."

Minong'ono ya uchawi ikaanza. Akaamua ufunge vitu vyako urudi kwenu Mutwanga, batoto babaki. Nilikung'ang'ania kitenge kwa mikono yote miwili. Ulinipa kisu, ukaniambia nimenye viazi.

Vikapu vyako vilikuwa vimeshatolewa nje Baba alipoingia uwanjani. Miguu mitupu, imevimba, ndevu zimemjaa. Wanawake walikimbia wakidhani ni mzimu. Kumbe askari walimnyang'anya kila kitu wakambebesha mizigo. Aliwatoroka porini, na wakulima wa Kasugho wakamficha mpaka njia ilipotulia.

Ulimpashia maji moto, ukamwosha miguu. Kisha ukaenda nyuma ya jiko ukalia, Mama, ukalia mpaka Baba mukubwa akaja kukubembeleza.

"Shemeji, sasa unalia nini? Si amerudi?"

"Sasa nimemuona," ulimjibu.

Hakuomba msamaha kwa maneno. Alirudisha vikapu ndani mwenyewe, kimoja kimoja.

Vita havijatuacha. Kila mara jirani ana habari ya kifo, nami huvaa viatu nikaenda kuuliza ni nani aliyeshuhudia. Mara nyingi ni kweli, na hilo ndilo linalonichosha. Lakini juzi nilimkuta marehemu wao mlangoni, anakula ndizi. Nilicheka peke yangu njia nzima, kisha nikatamani kukuona hadi nikakaa chini kando ya barabara.

Pumzika, Mama. Wajukuu wako wanakusalimu.

Binti yako wa kwanza,
Masika