Pipa Lililojazwa

Verlans-le-Haut,
Jura.
9 Juni 2024

Mpendwa kaka Gaspard,

Salamu nyingi zikufikie huko Kanada, wewe na Noémie. Mnaendeleaje? Kikohozi chake kimekwisha, au bado anakificha kwa kucheka? Sisi huku tu wazima. Magoti ya Baba ndiyo yanayolalamika, ila mwenyewe hataki yasemewe.

Mizabibu imechanua. Harufu yake unaijua: ukiitafuta inakukimbia, ukiisahau inakuja yenyewe. Mwisho wa Mei ilinyesha mvua, na ule udongo wetu wa kijivu ukageuka buluu tena, vile vinyota vya mawe, mabaki ya viumbe wa baharini wa kale, vikatokeza kila mahali kati ya mistari. Nilikaa juu ya ukuta wa shamba la juu nikaiwaza bahari iliyokuwa hapa kabla ya watu, hata nikawa naona samaki wakipita taratibu katikati ya majani. Kengele ya adhuhuri ililia nami bado nimo majini. Thibaud wangu, ambaye humjui ila kwa picha ya harusi, alikula jibini na mkate mkavu siku hiyo, kwa kuwa sikuwa nimepika.

Sasa niache kuzunguka, maana nina habari ya kukueleza.

Mwaka ule ulipogombana na Baba, kwa kuwa ulitaka kung'oa mizabibu mikongwe upande mipya izaayo upesi, ulifunga mizigo wiki mbili tu baada ya mavuno. Hukuona alichofanya. Divai ya zabibu za mwisho mlizochuma pamoja aliitia katika pipa la peke yake, akaliweka karibu na mlango wa ghala la chini, iwe divai ya njano. Krismasi ile alituambia mara moja tu, macho yakiwa kwenye sahani, kwamba siku litakapofunguliwa ndiyo siku atakayokuandikia. Unajua maana yake: divai ya njano haifunguliwi kabla ya miaka sita na miezi mitatu tangu mavuno. Nilikuficha, kaka, nisamehe. Sikutaka nawe uhesabu miezi kama nilivyokuwa nikihesabu mimi.

Nililipenda pipa lile kama mtoto mchanga aliyelala. Nilikuwa nikishuka kulisikiliza tu. Divai inapungua kidogo kidogo kwa kupumua kwa mbao, na juu yake utando mweupe, mwembamba, unailinda. Mkono wa mtu hauruhusiwi kuongeza hata tone, kwa sababu utando ukizama, divai ya njano haipo tena. Mara nyingine nikiwa pale gizani nilijiona nimeketi mezani nawe na Baba, mnabishana nani amimine kwanza. Ilikuwa imebaki miezi saba.

Thibaud ni mtu wa Burgundi. Kwao pipa lisilojaa ni aibu, ni kama mwenye nyumba amelala. Jumatatu iliyopita Baba alimtuma ajazilize mapipa ya divai nyeupe ya kawaida, yale yanayotakiwa yajae siku zote. Pipa lako lilikuwa mwisho wa safu hiyohiyo, na alama yake ya chaki ilikuwa imefutika kwa unyevu. Aliligonga, akasikia lina uwazi mkubwa, akalionea huruma. Akalijaza hadi mdomoni, akalipangusa vizuri, akaja kunieleza kwa furaha kwamba amekuta moja limesahauliwa.

Kaka, nililia mbele ya jiko mpaka maziwa yakachemka yakamwagika.

Baba alishuka na taa, akachungulia, akapanda. Siku tatu alikula peke yake chumbani. Thibaud alitaka kurudi kwao kwa aibu, ikabidi nifiche funguo za gari. Jirani yetu Mama Huguette, ambaye tangu lini akajua kunyamaza, alimwita kutoka dirishani kwake: "Mkwe wetu, ukija kwangu pitia mlango wa mbele. Jikoni nina sufuria zisizojaa." Maskini mume wangu hakujua acheke au alie.

Mimi niliogopa jambo moja tu, kwamba pipa likiharibika na ahadi imeharibika nalo. Baba ana miaka sabini na tisa. Kulaza pipa jingine ni kuanza miaka sita mingine, na sikuwa na uhakika anayo.

Jana baada ya chakula cha mchana alikuja na glasi mbili za divai ya pipa lile, moja akaiweka mbele ya Thibaud. Harufu ya kokwa za jozi mbichi na bizari ilikuwapo bado, kwa mbali sana. Baba alionja, akaiacha mdomoni muda mrefu.

"Si mbaya," alisema. "Jina la divai ya njano haina tena, lakini si mbaya."

Thibaud akaanza upya kuomba radhi. Baba akamkatiza.

"Nyamaza, mkwe wangu. Umenivunjia pipa la kujifichia, basi. Januari ingefika ningesema bado changa, tungoje mwaka mmoja zaidi. Mimi najijua."

Halafu akanigeukia. "Bertille, mwandikie kaka yako. Nikianza mimi nitatafuta maneno hadi Krismasi. Mwambie tunachuma mwisho wa Septemba. Na kama bado anataka kuing'oa ile mizabibu, aje tugombane papa hapa."

Nimeandika upesi asije akabadili nia, ingawa sidhani. Asubuhi hii nimekuta madirisha ya chumba chako yako wazi, na godoro limeanikwa juani. Njoo, Gaspard. Nimechoka kukuota, nataka kukuona.

Thibaud anakusalimu na kukuomba msamaha. Mama Huguette anakusalimu, na shangazi Odette pia, anauliza kama umenenepa. Mbusu Noémie kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa amani yake, na awafungulie njia.

Baba hajatuma salamu. Anasema zake atakupa mwenyewe, mkono kwa mkono.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Bertille