Sauti Iliyounga Mkono

Kaka Toivo mpendwa,

Kabla ya salamu nakusihi: haya ninayokuandikia yaishie machoni pako. Usimsomee mtu, hata mwanao Kaisa, maana watoto hurudia maneno wakiwa wanacheza. Ukimaliza, itie barua motoni.

Sasa salamu. Hamjambo huko mtoni? Kifua cha Kaisa kimepona? Mimi ni mzima wa mwili, ila nina jambo.

Jumanne baraza la mji lilikutana kama kawaida katika ule ukumbi wa zamani wa dansi, wenye nyota zilizochorwa darini. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka mtoni mpaka madirishani, taa za barabarani zikawa kama zinaelea. Nilikaa mahali pangu pa karani, mwishoni mwa meza, bega kwa bega na diwani Bi. Hatch, yule mama mzee anayesinzia kila kikao na kuamka kila kura.

Walianza na kodi ya mafuta, ile ya jimbo zima itakayopigiwa kura Novemba, waamue kama baraza liwashauri wapiga kura waikubali. Diwani Gorham alisema akiongezewa hata senti moja atakwenda kazini kwa farasi. Mtu mmoja nyuma akamwambia farasi naye hula, na hula hata siku asiyokwenda kazini. Watu wakacheka, wakabishana, mabomba ya kupasha ukumbi joto yakavuma, mwisho wakaikubali. Kufikia hapo Bi. Hatch alikuwa amelala, kidevu kifuani, anatabasamu.

Ndipo ikaja sheria ndogo ya kukataza watu kulala ndani ya magari. Diwani Sorley alitoa hoja kwamba maegesho ya mtoni yasiguswe mpaka baridi iishe. Meya Pruitt, macho kwenye karatasi zake, akauliza nani anaunga mkono. Hoja isiyopata mtu wa pili hufa papo hapo. Haijadiliwi wala haipigiwi kura. Madiwani wakatazamana. Hakuna aliyetaka majirani wamwone ametangulia. Niliinua macho, nyota za darini zikawa zinayumba kama ziko majini, na chini yake nikaliona gari lako mnamolala, vioo vimeganda, kiatu kimoja cha Kaisa kiko juu ya dashibodi.

Sauti ikasema, “Naunga mkono.”

“Asante, Bi. Hatch,” akasema Meya, bila kuinua macho. Mama yule akashtuka kusikia jina lake. Baada ya hapo wengine walipata ujasiri, kura zikawa tatu kwa mbili, ya Bi. Hatch ikiwa kati ya zile tatu. Basi mtabaki mtoni.

Wakati wa kahawa baada ya kikao walimtania Bi. Hatch kwamba siku hizi anatunga sheria usingizini. Akawajibu kwa fahari kuwa alikuwa akiota anacheza dansi na marehemu mumewe humo humo ukumbini, mume akamwomba jambo, naye akakubali. Bila shaka ndipo aliposema.

Kaka, hakusema. Nilisema mimi. Karani hana sauti katika baraza, seuze ya kumnusuru ndugu yake. Hawajui kuwa tumelala tumbo moja, kwa kuwa majina ya baba zetu ni tofauti. Wakijua, nitafukuzwa, kura itafutwa, nanyi mtaondolewa kabla ya theluji. Na kumbukumbu za kikao, ninazoziandika mimi, sharti zitaje aliyeunga mkono.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa Bi. Hatch nimwambie. Kabla sijafungua kinywa alinisogezea bakuli la peremende.

“Mimi nimezeeka, mwanangu,” akasema, “lakini sauti niliyoisikia ilikuwa ya msichana. Ndotoni nilikuwa msichana. Andika jina langu.”

Nimeliandika. Sijui kama alinisitiri au bado anaota, na sikuthubutu kuuliza.

Mbusu Kaisa. Usinipigie simu ofisini, wala tukikutana mjini usinisalimu. Ukinihitaji, Jumapili asubuhi huwa nafua kwenye duka la mashine za kufulia karibu na daraja. Weka nguo zenu katika mashine ya mwisho, ukae kama hunijui. Nitakuja kukaa pembeni yako.

Mdogo wako akupendaye,
Aili