Gauni la Kanisa Ndani ya Kioo

Jumanne, 5 Agosti 1958
Nimekamua ng'ombe, nimepalilia chai yetu changa. Mvua tena. Esta anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo na gauni hatuna. Baba yake anasema tusubiri. Tusubiri nini? Yeye ndiye aliyewapa watu wa sinema gauni la kanisa, walipokuja hapa Kimulot kupiga picha ya harusi. Eti kwa siku mbili. Walimwahidi ataonekana. Sinema ilipoletwa uwanjani tulimwona, kisogo tu. Gauni halikurudi.

Jumatano, 6 Agosti
Esta hataki gauni jingine. Namwelewa. Lile ni letu sote, wanawake wa kanisa. Tulilinunua kwa kuuza mayai. Kila bibi harusi hulivaa, na kabla ya kulirudisha hushona uzi wake ndani ya pindo, rangi anayoipenda. Wangu buluu. Wa Lea kijani. Lea, binti yangu mkubwa. Alilivaa, na kabla ya mwaka kwisha tukamzika. Esta anataka uzi wake ukae kando ya wa dada yake. Mimi pia nataka. Nataka sana.

Ijumaa, 8 Agosti
Mchungaji ameliona! Liko mjini Kericho, kwenye chumba cha makumbusho, ndani ya sanduku la kioo. Kibao kinasema ni vazi la nyota wa sinema. Nimecheka. Halafu nimekasirika. Baba Esta amepasua kuni zote bila kuombwa.

Jumatatu, 11 Agosti
Tumekwenda, mimi na Esta. Ni lenyewe. Limevishwa mwanasesere wa mbao asiye na kichwa. Limepigwa pasi vizuri kuliko tulivyowahi kulipiga sisi, na hilo limeniudhi zaidi. Memsabu wa Kizungu anayelitunza akasema, "Hapana, mama. Hii hapana nguo yenu. Hii nguo ya sinema." Nikamwomba atazame ndani ya pindo. Akakataa. Esta alilia njia nzima, bila sauti. Nakichukia kioo kile.

Alhamisi, 14 Agosti
Baba Esta alitoka asubuhi na koti lake la kanisa, hakusema aendako. Amerudi jioni, ameloa chapachapa, anatabasamu kama mjinga. Alikaa kwenye ngazi za makumbusho, kwenye mvua, hadi memsabu akachoka kumtazama, akafungua kioo na kukunjua pindo. Akaziona nyuzi. Akazihesabu kwa kidole, anasema. Memsabu atalileta mwenyewe Jumamosi asubuhi na kuondoka nalo jioni. Bibi harusi mwingine akitokea, tumpelekee habari mapema. Nimemkaripia mzee wangu kwa kuloa. Nimempa uji wa moto. Nampenda mtu huyu.

Jumapili, 17 Agosti
Harusi ilikuwa jana. Esta alipendeza, nisiseme mengi nikalia tena. Memsabu alikaa benchi la mbele, macho kwenye gauni, bibi harusi hamtazami. Kila kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilipopita karibu, alibana pumzi. Mwishowe maziwa yalimwagika kwenye mkono wa gauni, na aliyeyamwaga ni yeye. Hakuna aliyecheka. Baba Esta alitoka nje kwanza, ndipo akacheka.
Jioni Esta alishona uzi wake. Mwekundu. Memsabu alimshikia pindo.
Nyumba imekuwa kubwa leo.

Jumamosi, 30 Agosti
Nilikuwa Kericho kununua chumvi na jembe. Nikapita kuliona. Limerudi kwenye kioo, na kibao ni kilekile, cha nyota wa sinema. Lakini upande wa mbele ncha ya pindo imegeuzwa nje, imebanwa kwa pini. Nyuzi zetu zote zinaonekana. Wa Lea kijani, na kando yake wa Esta, mwekundu.
Nilisimama hapo na watoto wangu mpaka mfagiaji akaniomba nisogeze miguu. Kisha nikaja nyumbani. Jembe nimelisahau.