Nimeharibu Programu ya Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Akimana, shikamoo, naomba msaada wako kabla sijatoroka Nyabusozi kwa miguu, maana nimemchumbia Kwandu, na mama yake ndiye katibu wa kikundi chetu cha wakulima, na kikundi kina kompyuta moja tu, na kwa mila ya Kisukuma ya kwao mkwe haingii chumba alimo mama mkwe, kwa hiyo yeye anaitumia asubuhi, mimi mchana, na akitoka najibanza nyuma ya stoo ya mahindi mpaka apite, sasa juzi nilikuwa naandika programu yangu ya kubashiri mvua, ikataka toleo jipya la maktaba fulani, yaani vipande vya programu walivyokwisha kuandika wenzetu nasi tunaviazima tu, nikaliweka palepale juu ya lile la zamani bila kujua kwamba programu ya mama ya kugawa mbegu inalitegemea hilo la zamani, asubuhi yake ikagoma kabisa, na mama akaamua mchawi ni mzee Hategekimana, mlinzi wetu, kwa sababu huwa anachomeka simu yake pale ipate chaji, akamsimamisha kazi, na Ijumaa kikao kinamfukuza, nami nilimsikia akijitetea, "Jamani, mimi hata kuiwasha sijui!" nikanyamaza, je, Shangazi, niseme uchumba uvunjike, au ninyamaze mzee wa watu aende?

Mkwe Mtarajiwa, Nyabusozi

Marahaba, Mkwe Mtarajiwa. Nimekucheka mpaka chai ikapoa, kisha nikafika kwa mzee Hategekimana nikakasirika. Mbashiri mvua mzima, na hii hukuiona ikija?

Ukweni kunatisha, pole. Lakini kama huwezi kumuuliza mama anatumia toleo gani, Kwandu hana mdomo? Hata mpika pombe ya ndizi hamimini yake kwenye mtungi wa jirani kwa sababu tu uko karibu.

Leo hii ondoa toleo jipya, rudisha la zamani, hakikisha programu ya mama inafunguka. Kisha kila programu ipate mazingira yake yaliyotengwa, yaani folda yenye maktaba zake peke yake. Kama unaandika kwa Python, chombo cha kazi hiyo kinaitwa venv, na huenda kilikuwamo humo humo siku zote ulizokuwa unajibanza. Washa mazingira yako kwanza, ndipo uweke maktaba. Ziorodheshe maktaba hizo pamoja na matoleo yake kwenye faili, usije ukaanza kupapasa siku kompyuta ikifa. Hapo wewe na mkwe mtaishi ndani ya kompyuta moja bila kukutana, kama mila inavyotaka.

Kwa mama, mtume mshenga kabla ya Ijumaa akaseme ukweli wote. Akikasirika, atakasirika, bora hilo kuliko kumpa binti yake mwongo.

Kwa Hategekimana usimtume mtu. Yule si mkwe wako. Nenda nyumbani kwake, mwamkie, mtazame machoni, umwambie ni wewe. Aibu hiyo haina mshenga.