KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA FAMILIA KUHUSU UVIMBE WA MAMA NA VIDONGE ALIVYOPEWA

Mahali: Sebuleni kwa Kaka Mkubwa, Jumapili alasiri

Waliohudhuria: Kaka Mkubwa, fundi umeme (Mwenyekiti), Dada Mwalimu, Binamu Daktari ambaye ni mtoto wa mjomba (mwalikwa), mke wa Kaka Mkubwa (Katibu)
Asiyehudhuria: Kitindamimba, hakupokea simu
Mama alikuwa chumbani, amepumzika.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alieleza kwamba Mama amevimba miguu na uso kwa wiki kadhaa, na juzi alianguka bafuni. Aliomba watu waongee bila jazba. Dada Mwalimu alisema jazba anayo tayari.

KUMB. NA. 2: CHANZO CHA UVIMBE
Dada Mwalimu alidai kwamba chumvi ya nyumba hii ndiyo iliyomvimbisha Mama. Alitaka Mama ahamie kwake leo hii. Katibu aliomba iandikwe kwamba ndiye mpishi wa nyumba hii, na kwamba wifi yake hula sahani mbili kila akija.

Binamu Daktari aliomba nafasi. Alifafanua kwamba damu hupita katika mishipa midogo mno iitwayo kapilari, ambayo kuta zake hupitisha maji. Msukumo wa damu huyatoa maji nje, yakaingia kwenye nyama. Protini iliyobaki ndani ya damu huyavuta mengi yarudi. Vipimo vya Mama vimeonyesha kwamba figo zake zinavujisha protini kwenye mkojo, ndiyo maana una povu. Mvuto umepungua, maji yanatoka na hayarudi vya kutosha. Chumvi huzidisha uvimbe, ila siyo iliyoharibu figo.

Dada Mwalimu alisema amesikia. Hakuomba radhi.

KUMB. NA. 3: VIDONGE
Binamu Daktari aliuliza Mama alikuwa anatumia dawa gani. Mwenyekiti alikiri kwamba alipewa na rafiki yake vidonge vya kukojoza, akawa anampa Mama, na maji ya kunywa akampunguzia.

“Nilitaka yamtoke,” alisema. “Mtu amejaa maji, ataishiwaje maji?”

Binamu Daktari alijibu kwamba maji yamejaa kwenye nyama, lakini ndani ya mishipa ni machache. Vidonge hutoa yale ya kwenye damu kwanza, na yale ya miguuni hayakurudi upesi kujaza pengo. Msukumo ukashuka, Mama akaanguka. Alisema dawa hizo hutumika, lakini kwa kipimo na uangalizi.

Dada Mwalimu alimwambia Mwenyekiti, “Ungemuua mama yetu.”

KUMB. NA. 4: MAMA KUINGIA KIKAONI
Mama aliingia akishika ukuta, akaketi kwenye kochi, akasema kuta za nyumba hii hazifichi kitu. Dada Mwalimu alimuuliza kwa nini alimeza vidonge bila kumwambia mtu.

Mama alijibu: “Vilikuwa vinanilegeza, nilijua. Lakini kaka yako alikuwa anavileta mwenyewe, anakaa kitandani kwangu mpaka nimeze, tunaongea. Kabla ya hapo alikuwa ananisalimia mlangoni tu, funguo mkononi.”

Mwenyekiti aliondoka mezani, akaenda kuketi sakafuni karibu na miguu ya Mama. Kikao kiliendelea bila mtu kwenye kiti chake.

KUMB. NA. 5: MAAZIMIO
(a) Mama apelekwe kesho kwa daktari bingwa wa figo, Binamu Daktari akiwa naye.
(b) Asipewe dawa yoyote ambayo haikuandikwa na daktari.
(c) Kuhusu kuhamia kwa Dada Mwalimu, Mama alisema hahami. Hoja ikaishia hapo.

Dada Mwalimu alitaka liongezwe azimio la nani alaumiwe. Mama alimwambia, “Mwanangu, hebu njoo ukae na wewe.” Akaenda.

KUMB. NA. 6: KUFUNGA
Hapakuwa na mtu wa kufunga kikao, kwa kuwa Mwenyekiti na dada yake walikuwa sakafuni kwa Mama. Katibu alikifunga saa kumi na moja jioni.

Mwenyekiti: (saini itapatikana akiinuka)

Katibu: (saini)