Utepe wa Fundi na Tumbo la Dunia

Binti yangu mpendwa,

Salamu tele zikufikie wewe, mkwe wangu na yule bwana mdogo wenu wa miaka minne ambaye sijamtia machoni. Hamjambo nyote? Sisi tu wazima, ila ulimi wa mama yako haujapumzika tangu ulipotutumia tiketi kwa mara ya tatu.

Zile za kwanza nilizikataa kwa sababu ya sare za shule, za pili kwa sababu ya goti. Safari hii nikatafuta sababu yenye vipimo. Nilitandika ramani juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikapima kwa utepe wangu kutoka kwetu hadi kwenu: kilomita elfu kumi na nne! Nikapiga hesabu kwa mwendo wa basi, pamoja na kusimama kujisaidia, nikapata siku kumi na mbili. Nikamwambia mama yako kuwa mtu wa umri wangu hawezi kukaa kitini siku zote hizo. Akaniuliza kwani hii miaka arobaini ya cherehani nimekuwa nikishona nimesimama?

Kumbe alikwenda kunishtaki. Kesho yake akaingia mwalimu wa jiografia, yule mteja wangu mwenye kitambi, na tufe la dunia kwapani. Akaniuliza suruali yake huwa naipima mezani au tumboni. Nikamjibu tumboni, la sivyo vifungo vitaruka. Akasema basi hata dunia ina tumbo, nizungushe utepe juu ya tufe. Mwanangu, njia ilipinda kidogo kwa juu ikawa fupi: elfu tisa tu! Kwa ndege, akasema, ni saa kumi na moja. Nikapima mara tatu, ya nne mama yako akaninyang'anya utepe. Aibu iliyoje kwa fundi!

Sasa nikwambie ukweli. Haikuwa goti wala sare. Naogopa ndege. Siku tulipokusindikiza, ulipopaa niling'ang'ania uzio mpaka mama yako akanibandua. Kwa woga wangu ulijifungua ugenini bila mama, maana aliapa haendi bila mimi. Hilo limeniuma miaka minne, na sikuwa na uso wa kukuambia. Nisamehe, mwanangu.

Barua hii haipiti posta. Naiandika angani, saa ya saba ya safari, mkanda nimeukaza mpaka pumzi zinapita kwa shida. Mama yako anakoroma ubavuni kama yuko kwake. Mhudumu nimemwuliza zimebaki saa ngapi mara nyingi hata sasa akiniona ananionyesha vidole tu.

Nitakukabidhi mkononi tukitoka uwanjani, kwa kuwa nikifungua mdomo nitalia mbele ya mkwe, na huyo naye msalimie sana. Mjukuu wangu msomee maneno haya tu: babu yako ni mwoga, lakini amekuja.

Ni mimi baba yako, fundi,
kiti cha dirishani, pazia limefungwa