Neno Ulilonituma kwa Sista

Mpendwa Mama mkubwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Sijamwambia mama, sijamwambia Anjela, na hata kwenye kitubio nimekwenda mara mbili, nikaungama uvivu wa kusali na hasira kwa wenzangu, nikapewa malipizi, nikayasali, nikatoka nalo vilevile. Jambo lenyewe ni hili: siku ile ulipomleta mwanao Anjela chuoni, mimi ndiye uliyeniambia habari za ugonjwa wake, na mimi ndiye niliyezinyamazia. Wewe hukuficha kitu.

Basi nimeliandika. Sasa niendelee kabla sijaogopa tena.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuja huko Kalambo, kijijini Msanzi, kila likizo? Baba alikuwa ananipandisha gari hapa mjini, mtaani kwetu Majengo, na begi langu la shule ya Kiingereza, nikifika kwako najiona mtu wa mjini, sijui kushika jembe. Ulinifundisha kutengeneza matuta ya ulezi, kufukia majani chini ili yaoze yarutubishe udongo. Nikilalamika mgongo unauma, unasema, "Mgongo wa miaka tisa unauma wapi? Hata haujaota!" Anjela anacheka mpaka anakaa chini. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, mimi na yeye, tukigombania blanketi kwa ile baridi ya mwezi wa sita, na wewe unatuita "pacha wangu wa mama wawili."

Siku Anjela alipoanguka mara ya kwanza tulikuwa shambani. Mimi nilipiga kelele nikakimbilia kwenye miti. Wewe hukupiga kelele. Ulisogeza jembe mbali, ukamgeuza ubavu, ukalaza kichwa chake kwenye khanga yako, ukaniita: "Fidesi, njoo ukae hapa. Hakuna cha kuogopa, ni ndugu yako. Usimtie kitu mdomoni. Msubiri tu, atarudi." Nikaja, nikakaa. Akarudi kweli. Nilikuwa na miaka tisa na tayari nilijua la kufanya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana siwezi kusema sikujua.

Sasa nije kwenye siku ya mapokezi.

Unajua mimi ni mtu wa haya. Mwaka wa kwanza nilipita kama kivuli, nakaa nyuma darasani, naongea na watu wawili. Mwaka huu waliponichagua kwenye kundi la kupokea wanafunzi wapya nilifurahi mno, kwa sababu nilipewa fulana ya kundi na watu wakaanza kunijua jina. Kazi yetu ilikuwa kubeba magodoro, kuonyesha bweni, kanisa na bwalo la chakula, halafu kukaa na kila familia mezani na kuwauliza swali moja: "Kuna jambo lolote la mtoto wenu ambalo mlezi wa bweni anapaswa kulijua?" Jibu tunaliandika kwenye karatasi, karatasi inakwenda kwa Sista mlezi.

Kabla yenu alikuwepo yule baba wa Kisukuma kutoka Milepa, mwenye fimbo na mabuti, aliyekuja na binti yake Kabula. Hata hakusubiri swali. "Andikeni! Huyu akikosa kula asubuhi, kichwa kinamuuma, anakuwa mkali kama ng'ombe aliyezaa. Na usiku anakoroma!" Kabula akafunika uso kwa mtandio: "Baba jamani!" Yule baba akasema, "Baba nini? Watalala na wewe wao, siyo mimi." Meza nzima ilicheka, na Deo, mwenzangu wa kundi, akaandika yote mpaka kukoroma.

Halafu nikakuona wewe. Umetangulia na ndoo kichwani, Anjela nyuma na godoro. Ulipofika mezani ulitua ndoo, ukachuchumaa, ukapiga makofi taratibu kwa viganja, ukatuamkia kama tunavyoamkia wakubwa nyumbani. Sisi, watoto wa miaka kumi na tisa! Deo akaruka kwenye kiti. "Mama, inuka, mama yangu, shikamoo! Leo tumeamkiwa kama machifu!" Hakuwa na ubaya, ni utani wake. Lakini dada mmoja wa kundi akanong'ona, "Hawa wametoka shamba kabisa," na wawili wakacheka chini chini. Mimi nikainamia karatasi.

Ulisema, "Fidesi, mwanangu!" Kila mama pale alikuwa anatuita mwanangu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Deo akaniuliza, "Unamjua?"

"Ni mama mmoja wa kule Kalambo," nikajibu.

Mama mmoja. Sijui kama ulisikia. Naomba Mungu uwe hukusikia, na wakati huohuo najua masikio yako.

Wasichana wakamchukua Anjela kwenda kuona chumba. Deo akashika kalamu, akauliza lile swali. Kiswahili unakijua vizuri, lakini ulinisogelea mimi ukasema kwa Kifipa, kwa sababu ni jambo la ndani. Ulisema Anjela bado anaanguka, si mara nyingi, ana vidonge vyake, asipolala vizuri ndipo inakuja, wanaolala naye waambiwe wasiogope.

"Amesemaje?" Deo akauliza, kalamu iko juu. Wote walikuwa wananitazama. Nikawaza: nikisema kifafa, watauliza kwa nini umekuja kuniambia mimi. Watajua ni ndugu yangu. Watajiuliza kama na mimi ninacho. Yule dada atahamisha kitanda. Mawazo yote hayo yalipita haraka kuliko ninavyoyaandika.

Nikasema, "Anasema binti yake anadeka kwenye chakula, msimsahau kwa uji wa ulezi."

Wakacheka. Deo akaandika: *Apewe uji.*

Mama mkubwa, ulinitazama. Nilijua umenikamata. Nilisubiri uniumbue, na ningestahili. Badala yake tulipoinuka kwenda bwenini ulinishika mkono ukasema, "Umefanya vema. Mambo ya ndani hayatangazwi barazani. Utamwambia Sista peke yake, eh?" Ulidhani nimetumia akili ya kwetu, kulifunika mbele ya wageni ili nilipeleke kwa mwenyewe polepole. Nikajibu, "Ndiyo, Mama mkubwa." Ukaondoka umetulia. Anjela naye akatulia, maana ulimwambia dada yake ameshalimaliza.

Sikumwambia. Wiki ya kwanza nilisema nitamwambia wiki ya pili. Wiki ya pili Anjela alikuwa mzima, anaimba kwaya, na mimi nikajipa moyo kwamba labda ule ugonjwa umeachwa Msanzi. Alikuwa ananipungia mkono bwaloni, "Dada Fidesi, mambo!" Mimi najibu "poa" na kupita na wenzangu. Mara moja alikuja kukaa meza yetu na nikasema kiti kina mtu. Hakikuwa na mtu.

Mengine umeyasikia, lakini hujayasikia kwangu. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, watu wanajiandaa kwa misa. Anjela alikuwa anapiga pasi sketi ya kwaya. Nilisikia kelele, nikakimbia, nikakuta wasichana kumi na zaidi wamejazana mlangoni na hakuna aliyeingia. Yeye yuko chini, pasi imemwangukia mkono. Wanapiga kelele, "Usimguse! Ukigusa mate yake na wewe unapata!" Na mimi, uliyenikalisha shambani nikiwa na miaka tisa, nilisimama nao. Sijui ni muda gani. Hata ungekuwa wa kusema Baba Yetu moja, ulikuwa mrefu kuliko wote nilioishi.

Aliyeingia ni Kabula, yule anayekoroma. Aliwasukuma, akachomoa pasi, akamgeuza Anjela ubavu. "Nyie ni Wakristo wa namna gani?" akasema, bila kupaza sauti. Hapo ndipo miguu yangu ikanyanyuka. Nilikwenda kushika kichwa cha Anjela wakati kazi imekwisha.

Halafu ukaitwa. Na mimi nikaitwa, kwa sababu jina langu lipo kwenye ile karatasi. Sista aliiweka mezani, akasoma, "Apewe uji." Akasema chuo hakimkatai mtoto kwa ugonjwa, wapo wengine wenye kifafa, wanapangiwa kitanda cha chini na wenzao wanafundishwa. Kinachomsikitisha ni kufichwa. Akanigeukia: "Fides, ulimuuliza mama huyu?"

Nilifungua mdomo. Nakuapia niliufungua. Lakini ulinitangulia: "Sista, kosa ni langu. Mtoto wa watu aliniuliza vizuri. Mimi niliona haya."

*Mtoto wa watu.* Ulinikana ili kunificha, kama mimi nilivyokukana ili kujificha.

Sista akasema, "Mama, haya yako ingemuua binti yako." Ukainamisha kichwa, ukasema, "Ni kweli, Sista." Akasema umchukue Anjela nyumbani kwanza, mpaka kikao cha chuo kiamue. Mkono wa Anjela ulikuwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Naye alikuwa ananitazama mimi, siyo wewe. Nadhani alishajua. Mimi nilitazama msalaba ukutani.

Nje, tulipofika getini, nilitaka kulia, ukanikataza. "Nyamaza. Mmoja ameshatoka, wakikutoa na wewe nyumba yetu itabaki na nani huku? Soma." Ukampandisha Anjela gari na lile godoro lake.

Nimesoma, Mama mkubwa. Naangalia kitabu na sioni kinachosema. Bwenini wanasimulia habari ya mama wa Kalambo aliyeficha ugonjwa wa mwanae, na juzi kiongozi wa kundi aliitumia kama mfano: "Ndiyo maana wazazi lazima tuwabane maswali." Wote wakaitikia. Hata mimi niliitikia.

Jumatatu kikao kinaamua kama Anjela atarudishwa mwaka huu au aanze upya mwaka ujao, na Sista amesema itategemea kama familia inaaminika. Mwaka ujao ni mbali. Nakujua, utasema ni mapenzi ya Mungu, na Anjela atashika jembe, na ikifika mwaka ujao kutakuwa na sababu nyingine. Haya si mapenzi ya Mungu. Ni mimi.

Kwa hiyo barua hii sitaitia kwenye bahasha. Nataka Sista aisome kwanza, ndipo ije kwako, na Kabula akitaka, na Deo pia. Wasome kwamba wewe ni Mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu tumbo moja, uliyenibeba mgongoni kutoka Msanzi mpaka zahanati nilipopata homa. Wasome kwamba ulisema kila kitu, vidonge, usingizi, wenzake wasiogope. Wakinitoa kwenye kundi, wanitoe. Wakinirudisha nyumbani, nitakuja Msanzi kukuchuchumalia, nikupigie makofi, nikuamkie kama nilivyopaswa siku ile mbele ya meza.

Msamaha wa Anjela sitauomba kwa karatasi. Huo nitaufuata kwa miguu.

Leo ni Jumamosi, siku ya Sista kukagua usafi wa vyumba. Tangu asubuhi nimeifunika barua hii mara tatu kwa daftari: alipoingia mwenzangu kuchukua ndoo, alipokuja mtu kuazima sabuni, na mara moja kwa upepo tu uliosukuma mlango. Sasa nasikia hatua kwenye korido, na zinasimama kila chumba. Ameanza cha kona. Ametoka. Yuko cha jirani, anawaambia watandike vizuri. Daftari liko mkono wa kushoto na nimelisukuma mpaka ukingoni mwa meza, nisiifunike tena barua.

Amebisha hodi. Nimemwambia karibu.

Kaa na Mungu, Mama mkubwa, na umshike Anjela mkono ule mzima kwa niaba yangu.

Mwanao wa tumbo la mdogo wako,
Fidesi